Kauboi Mwimbaji na Bonde Lililonunuliwa Kihalali

Kauboi ambaye wengi wetu tulimjua kwenye vibanda vya video ni yule wa filamu za Kitaliano: hajanyoa, hasemi, na kila ugomvi anaumaliza kwa bastola. Miaka thelathini kabla yake, wakulima na wafugaji wa Marekani walikuwa na kauboi wa namna nyingine kabisa. Huyu alikuwa amenyoa vizuri, shati lake limedariziwa maua, farasi wake ametajwa kwenye bango la filamu pamoja naye, na gitaa halikuwa mbali na mkono wake. Aliitwa Gene Autry, kisha Roy Rogers, kisha Tex Ritter na wengine wengi. Kuanzia 1935 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 walitengenezewa mamia ya filamu za saa moja hivi, za gharama ndogo, zilizoonyeshwa Jumamosi mchana kwenye majumba ya sinema ya miji midogo.

Hadithi yenyewe haikubadilika sana. Kuna ranchi, na mwenye ranchi ni mzee aliyechoka au binti aliyefiwa na baba. Kuna deni benki na tarehe ya mwisho ya kulipa. Kuna bwana mwenye suti, mara nyingi mfanyabiashara anayeheshimika pale mjini, ambaye anajua jambo ambalo mwenye ranchi halijui: reli itapita hapo, au chini kuna mafuta, au bwawa linakuja. Bwana huyu hahitaji ng'ombe. Anahitaji saini. Steringi anafika, anaimba, anampenda binti, anaimba tena, anagundua njama, anamkimbiza adui kwa farasi, na hati inarudi mikononi mwa mwenyewe kabla ya wimbo wa mwisho.

Wahakiki wa sinema wamezidharau filamu hizi tangu siku zilipotoka, na naona hawakuzitendea haki. Filamu kubwa za kauboi, zile zinazofundishwa vyuoni, zilitutaka tuamini kwamba ardhi hupatikana na kupotea kwa risasi. Hizi ndogo za Jumamosi zilijua kwamba ardhi hupotea kwa kalamu. Ugomvi wangu nazo uko kwingine. Zilimfanya mwizi wa ardhi awe mtu mmoja mwovu, mdanganyifu, mvunja sheria, ili akishakamatwa kila kitu kiwe shwari. Kwa miaka mingi filamu hizo zilipigwa kwenye bonde ambalo historia yake inapinga jambo hilo waziwazi, na ni kuhusu bonde hilo ninapotaka kukaa zaidi.

Lakini kwanza kauboi mwenyewe. Gene Autry alizaliwa 1907 huko Tioga, Texas, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa ya kutuma simu za maandishi (telegrafu) kwenye kampuni ya reli huko Oklahoma. Alianza kurekodi santuri 1929, na rekodi zake za mwanzo ni za kijana anayemuiga mwimbaji Jimmie Rodgers kila pumzi, hadi ile sauti ya kupandisha na kuvunja kooni iliyomfanya Rodgers apendwe dunia nzima. Kutoka hapo alikwenda kwenye redio ya WLS ya Chicago, ambayo vijijini ilisikilizwa na wakulima wa majimbo mengi, na 1934 akaingia Hollywood. Hakuwa mpanda farasi hodari wala mwigizaji mzuri. Alichokuwa nacho ni sauti ambayo watu walishaizoea ndani ya nyumba zao.

*The Phantom Empire* ya 1935, filamu ya sehemu 12, inaonyesha vizuri jinsi sauti hiyo ilivyotumiwa. Autry anaigiza kwa jina lake mwenyewe, akiendesha Radio Ranch, ranchi inayojilipia kwa kurusha kipindi cha muziki. Mkataba unasema kila siku saa 8 mchana lazima awe hewani. Akikosa, mkataba umekufa na ranchi imekwenda. Kundi la wataalamu limegundua kwamba kuna madini ya radiamu pale na linataka watu wahame. Halafu, chini kabisa ya ardhi, kuna himaya ya siri yenye malkia na roboti. Watu wanaoikumbuka filamu hii huzungumzia roboti. Mimi hunivutia ile saa 8. Wahalifu hawana haja ya kumwua Autry wala kuchoma zizi. Kumchelewesha kunatosha. Aliyeandika hadithi hiyo alielewa mkataba ni kitu gani kwa mtu mnyonge: kifungu kimoja, tarehe moja, saa moja, na jasho la miaka yote linageuka mali ya mwingine.

Watazamaji hawakuhitaji kuelezwa. Hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya Mdororo Mkuu. Bei ya mahindi na nyama ilikuwa imeanguka, rehani zilizochukuliwa enzi za bei nzuri zilikuwa palepale, na mashamba yalipigwa mnada kaunti baada ya kaunti. Huko Iowa na majimbo jirani wakulima walibuni mbinu yao. Siku ya mnada majirani walijaa uani, wakatoa bei ya senti kumi kwa ng'ombe, senti tano kwa jembe la kukokotwa, na hakuna aliyepanda juu ya hapo. Mwisho wa siku walimrudishia mwenye mali vitu vyake vyote. Mgeni aliyekuja na nia ya kununua kweli alionyeshwa kamba iliyoning'inia ghalani. Aprili 1933, mjini Le Mars, Iowa, wakulima walimtoa Jaji Charles C. Bradley mahakamani kwa sababu alikataa kuapa kwamba hatasaini tena amri za kunyang'anya mashamba. Walimvisha kamba shingoni kabla ya kumwacha hai. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Frazier na Lemke ya kuwapa wakulima wenye madeni nafasi ya kupumua, Mahakama Kuu ikaifuta Mei 1935, Bunge likaiandika upya mwaka uleule, na 1937 mahakama ikaikubali.

Kwa hiyo mkulima aliyelipa senti zake kuingia sinema mwaka 1935 alikuwa ametoka kwenye nyumba ambayo huenda nayo ilikuwa kwenye orodha ya benki. Pale kwenye pazia anamwona mtu wa suti akifungua mkoba na kutoa karatasi. Anamjua. Tena filamu za Autry hazikujificha kwenye karne iliyopita. Magari, ndege, simu na redio vimo, sambamba na farasi. Ilikuwa ni hadithi ya mwaka huohuo, iliyovaa kofia pana.

Na wimbo una kazi humo ndani. Ukiziangalia filamu kadhaa mfululizo utaona kwamba wimbo mara nyingi unakuja pale ambapo watu wametawanyika: wafanyakazi wa ranchi wamekata tamaa, majirani wanaogopa kutoa ushahidi, mji umegawanyika. Anapoimba, wanasogea. Baada ya wimbo ndipo wanapozungumza. Kwenye filamu zenye redio jambo hili linakwenda mbali zaidi, kwa sababu wimbo unafikisha kisa cha ranchi kwa watu wasiokuwepo, na njama iliyopangwa ofisini haiwezi tena kumalizikia ofisini. Wanaosema nyimbo ziliwekwa tu kuuza santuri wana ukweli wao, maana santuri ziliuzwa kweli. Ila anayesikiliza sauti zilivyopangwa na Sons of the Pioneers, kundi ambalo Rogers alilianzisha na Bob Nolan na Tim Spencer kabla hajawa nyota, atakubali kwamba pale kuna kazi ya watu waliopenda walichokifanya. Sauti tatu zinakwenda pamoja kama mtu mmoja anayepumua, na bado leo, kwenye spika ndogo ya simu, zinamfanya mtu aache anachokifanya.

Sasa bonde. Mwaka 1938 Autry aligombana na kampuni ya filamu ya Republic kuhusu mkataba wake na akagoma kufika kazini. Herbert J. Yates, mwenye kampuni, akamchukua kijana aliyekuwa akilipwa dola 75 kwa wiki, Leonard Slye wa Ohio, akampa jina la Roy Rogers na filamu iliyokusudiwa kwa Autry. Ni *Under Western Stars*. Wafugaji wanakufa kwa ukame huku kampuni ya maji ikiwauzia maji kwa bei wasiyoiweza. Rogers anagombea ubunge, anashinda, anakwenda Washington, na kwenye tafrija ya wakubwa anawaonyesha picha za dhoruba za vumbi huku akiimba wimbo kuhusu vumbi linalomeza shamba la mtu. Wimbo huo ulipendekezwa kuwania Oscar, na 2009 filamu yenyewe iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa. Ni filamu nzuri, na hasira yake ni ya kweli.

Ilipigwa kwenye vilima vya Alabama Hills, nje ya mji wa Lone Pine, California. Mji huo uko kwenye Bonde la Owens, kati ya milima ya Sierra Nevada na milima ya Inyo. Yaani filamu ya Hollywood kuhusu wafugaji walionyimwa maji ilipigwa kwenye bonde ambalo maji yake yalikuwa yamechukuliwa na Los Angeles, jiji ambamo filamu hiyo ilitengenezwa, na kupelekwa kwa mfereji wa kilomita 375.

Namna yalivyochukuliwa inastahili kuelezwa polepole. Mwanzoni mwa karne ya 20 Los Angeles ilikuwa inakua kuliko mto wake ulivyoweza kuimudu. Fred Eaton, aliyewahi kuwa meya, na William Mulholland, mhandisi mkuu wa maji wa jiji, waliliona Bonde la Owens. Mwaka 1904 na 1905 Eaton alipita ranchi hadi ranchi akinunua ardhi na haki za kununua ardhi pamoja na maji yake. Wakati huohuo idara ya serikali kuu ya umwagiliaji ilikuwa ikipima bonde hilo kwa ajili ya mradi ambao ungewafaa wakulima wenyewe, na wengi waliouza walidhani wanauza kwa ajili ya mradi huo. J. B. Lippincott, ofisa wa idara hiyo katika California, alikuwa akilipwa pia na jiji kama mshauri. Gazeti la Los Angeles Times lilipotangaza mpango huo Julai 1905, saini zilikuwa zimekauka. Mwenye gazeti, Harrison Gray Otis, alikuwa miongoni mwa matajiri walionunua ardhi kwenye Bonde la San Fernando, mahali ambapo maji hayo yangefikia na kupandisha bei ya kila ekari. Tarehe 5 Novemba 1913 maji yalifunguliwa.

Tafuta hapo saini iliyoghushiwa, hutaipata. Eaton alilipa. Wako waliouza kwa bei nzuri na kuondoka wakiwa wameridhika. Rais Theodore Roosevelt aliunga mkono jiji kwa hoja kwamba maji yatawafaa watu wengi zaidi kule kuliko huku. Kila hatua ilikuwa na muhuri wake, na bonde likafa.

Lilikufa vipi wakati watu walilipwa? Hapa ndipo filamu hazikuweza kufika, na hapa ndipo penye somo kwa yeyote anayeishi kwenye ardhi ya kutegemeana. Ranchi za Owens zilipata maji kwa mifereji ya ushirika. Mfereji mmoja ulihudumia mashamba mengi, na wote waliuchimba, waliuzibua, waliulinda kwa zamu. Miaka ya 1920, ukame ulipobana, jiji lilirudi kununua tena, safari hii likichagua ranchi hapa na pale kwenye mfereji uleule. Jirani wa juu akiuza, maji yake hayashuki tena. Wawili wakiuza, waliobaki hawawezi kuutunza mfereji. Shule inapungukiwa watoto, duka linapungukiwa wateja, na yule aliyeapa hatauza anajikuta ana ardhi nzuri isiyo na maji, katikati ya mashamba ya jiji. Sasa bei anaipanga mnunuzi. Hakuna hata mtu mmoja aliyedanganywa siku hiyo. Kilichonunuliwa ni ule utegemezi wenyewe, ambao haukuandikwa kwenye hati ya mtu yeyote na kwa hiyo hakuna aliyelipwa kwa ajili yake.

Wafugaji hawakukaa kimya. Tarehe 16 Novemba 1924, wanaume wapatao 70 waliyateka malango ya mfereji karibu na Alabama Hills, wakayafungua, na maji yakarudi mtoni. Walikaa siku nne. Shughuli nzima iligeuka sherehe: familia zilikuja na vyungu, nyama ikachomwa, nyimbo zikaimbwa. Inasimuliwa pia kwamba Tom Mix, nyota wa filamu za kauboi zisizo na sauti, alikuwa akipiga filamu jirani na hapo na akawapelekea bendi yake iwapigie muziki. Miaka kumi na moja kabla ya Autry kupata filamu yake ya kwanza ya kuimba, watu wa bonde hilo walikuwa wameshaiigiza mbele ya macho ya dunia: ranchi, adui, umati, muziki, na mkono wa pamoja kwenye lango la maji.

Waliondoka siku ya nne kwa ahadi ya mazungumzo. Mazungumzo hayakuzaa kitu. Mwaka 1927 mfereji ulilipuliwa kwa baruti mara kadhaa. Agosti mwaka huo benki ya bonde ilifunga milango, na ndugu Wilfred na Mark Watterson, wenye benki na viongozi wa upinzani, wakapatikana na hatia ya kutumia vibaya fedha za wateja wakafungwa gerezani San Quentin. Akiba za wafugaji zilipotea nao. Kufikia 1933 jiji lilimiliki takriban asilimia 95 ya mashamba ya bonde na sehemu kubwa ya viwanja vya mjini. Lippincott na Mulholland hawakuwa na pingu mikononi. Waliofungwa walikuwa wenye benki wa upande wa wanyonge, na makosa yao yalikuwa ya kweli.

Ndiyo maana nasema filamu zile, pamoja na mazuri yake yote, zilitufundisha kumtafuta mtu asiyefaa. Mtazamaji alitoka sinema akijua kumwogopa tapeli. Hakufundishwa kumwogopa mnunuzi mwaminifu mwenye fedha nyingi, ramani nzuri na subira. Sheriffu anaweza kumkamata aliyeghushi hati. Hana la kufanya na aliyenunua shamba la katikati. Filamu ya Rogers ilikaribia kuliko zote, kwa kuwa adui wake ni kampuni na dawa yake ni sheria ya Bunge. Hata hivyo, nayo ilihitaji wakubwa waguswe moyo na wimbo kwenye tafrija, na mambo yakatengemaa.

Kuna na swali la pili, zito kuliko hilo: ranchi ilikuwa ya nani kabla ya kuwa ya mwenye ranchi? Filamu za kauboi mwimbaji zinaanza hadithi siku deni linapodaiwa, na siku zote zinamkuta mwenye ardhi akiwa ameshakaa. Katika Bonde la Owens, Wapayute, wenyeji wa asili wa bonde hilo, walikuwa wamechimba mifereji yao ya kumwagilia kabla mfugaji wa kwanza Mzungu hajaleta ng'ombe miaka ya 1860. Ng'ombe hao waliharibu mimea ambayo wenyeji waliishi kwayo, vita vikazuka, na Julai 1863 jeshi liliwaswaga Wapayute karibu 1,000 kwa miguu hadi Fort Tejon. Wafugaji waliobaki walirithi bonde na baadhi ya mifereji iliyokuwa imeshachimbwa. Miaka arobaini baadaye Eaton alipobisha hodi, alikuwa akinunua kitu ambacho mauzo yake ya kwanza hayakuwahi kufanyika. Kwenye *Under Western Stars* hakuna Mpayute hata mmoja anayeulizwa kuhusu maji.

Tofauti kidogo inapatikana mahali ambapo wengi hawakuangalia. Kati ya 1937 na 1939 Herb Jeffries, mwimbaji ambaye baadaye angejulikana na bendi ya Duke Ellington, aliigiza kwenye filamu za kauboi mwimbaji zenye waigizaji Weusi watupu, zilizokusudiwa majumba ya sinema ya Wamarekani Weusi wakati wa ubaguzi. Kwenye *Harlem Rides the Range* ya 1939 matapeli wanataka kumpokonya mzee mgodi wake wa radiamu. Hadithi ni ileile. Mahali pa kupigia picha ndipo panapobadilisha uzito wake: ranchi ya wageni karibu na Victorville, California, iliyomilikiwa na Nolie na Lela Murray, mume na mke Weusi, ambapo Wamarekani Weusi waliofungiwa milango kwenye hoteli nyingine walikuja kupumzika na kupanda farasi. Kwa watazamaji hao, ambao katika majimbo ya Kusini walikuwa wakipoteza mashamba ya babu zao kwa kodi za ghafla, minada ya kugawana urithi na vitisho, kumwona mtu Mweusi akisimama kwenye ardhi yenye hati ya mtu Mweusi na kuimba lilikuwa jambo kubwa. Filamu zenyewe ni duni kwa kila kipimo cha ufundi, sauti inakwaruza, ngumi zinakosa shabaha. Ningependa watoto wetu wazione kabla ya nyingi zilizo bora.

Na sauti hizi zilifika kwetu pia, kwa njia ya ajabu kidogo. Yule Jimmie Rodgers ambaye Autry alijifunza kuimba kwa kumwiga alikufa 1933, lakini santuri zake zilisafiri hadi nchi ya Wakipsigis, Kenya. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wasichana wakimwimba kiumbe waliyemwita Chemirocha, nusu mtu nusu swala, na jina hilo ni Jimmie Rodgers lilivyotamkwa na Wakipsigis. Wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho cha utamaduni. Wachache huongeza kwamba wakati Rodgers anasikilizwa, nchi ya Kericho ilikuwa imeshamegwa kwa ajili ya walowezi na mashamba ya chai, na kwamba 1934, mwaka uleule Autry alipoingia Hollywood, serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuuhamisha ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, hadi Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, mahali penye mbung'o na mbu. Ilikuwa sheria kamili, yenye jina na vifungu. Nao Talai hawakutapeliwa na mtu mmoja mwenye kofia nyeusi.

Tukirudi Owens, vita havikwisha 1927. Ziwa Owens, kusini mwa Lone Pine, lilikuwa limekauka kufikia katikati ya miaka ya 1920, na kitako chake kikawa chanzo kikubwa kuliko vyote vya vumbi hewani nchini Marekani. Wakati Rogers akiimba kuhusu vumbi mbele ya kamera, vumbi halisi lilikuwa likipanda umbali mfupi kutoka hapo. Kilicholirudisha jiji nyuma kidogo ni kesi. Wakazi, kaunti na wanaharakati walishtaki, wakashindwa, wakashtaki tena, mpaka jiji likalazimika kuanza kulowesha kitako cha ziwa kuanzia 2001, na Desemba 2006 maji yakarudishwa kwenye sehemu ya mto yenye urefu wa kilomita 100 hivi ambayo ilikuwa kavu tangu 1913. Ni kazi ya makabrasha, vikao na wanasheria walioshughulika miaka na miaka, na hakuna filamu ya Jumamosi mchana iliyopata kuionyesha. Wafugaji waliopo bondeni leo wengi wao wanapanga ardhi kutoka kwa jiji.

Wapayute nao wana faili lao. Mwaka 1939 serikali kuu na Los Angeles zilibadilishana ardhi, na wenyeji wakapewa ardhi ya kuishi iliyotengwa kwa ajili yao kwenye miji ya Bishop, Big Pine na Lone Pine. Ardhi ilibadilishwa, maji hayakubadilishwa, kwa sababu katiba ya jiji ilitaka haki za maji zisitolewe bila theluthi mbili ya wapiga kura wa Los Angeles kukubali. Swali hilo liliahirishwa, na mpaka leo halijafungwa. Filamu ya kauboi inayofaa kutengenezwa sasa hivi ingeanzia kwenye kifungu hicho, pale Lone Pine, na mwimbaji wake awe Mpayute.